Picha Nzuri, Hadithi Dhaifu: Mkazi wa Kitengela Ailipie Wapi Filamu ya Namna Hii?

Mwaka 2003 nyika ya Amboseli ilionekana kwenye kumbi za sinema duniani kote. Katika filamu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyoongozwa na Jan de Bont, Angelina Jolie anashuka kwa parachuti juu ya Kajiado hii yetu na kutua ndani ya gari linalokwenda mbio. Dereva wa gari hilo ni Djimon Hounsou, mwigizaji mzaliwa wa Benin. Filamu iligharimu takriban dola milioni 95, na sehemu zake za Kenya zilipigwa Amboseli na Hell's Gate. Ukiitazama kwenye skrini kubwa, macho hayachoki.

Hadithi yake ni jambo jingine. Kuna sanduku la Pandora lenye maradhi ya kuangamiza dunia, kuna mwanasayansi anayeuza silaha za vijidudu, na kuna tufe linaloonyesha njia ya kulifikia sanduku. Wahusika wanatoka Ugiriki hadi China, kisha Afrika, bila mtu kuuliza maswali ambayo mtoto wa darasa la nne angeuliza. Hell's Gate iko Naivasha, kaunti ya Nakuru, saa kadhaa za barabara kutoka Amboseli, lakini ndani ya filamu sehemu hizi mbili zimeshonwa kuwa moja. Mwishoni viumbe vya kivuli vinachomoka kwenye miti mikavu na kuwamaliza askari wa adui, mashujaa wanajikuta mahali ambapo dari inakanyagika kama sakafu, na sanduku linaelea kwenye kidimbwi cha asidi nyeusi. Ni dakika za kupendeza kweli. Ukiulizwa kesho yake ni kwa nini fulani alimsaliti fulani, huna jibu.

Filamu za namna hii ni nyingi, na kila mwaka zinaongezeka: miungu, majoka, panga zinazowaka, bahari zinazopasuka. Watu wa Kitengela na Kajiado tunazipenda, na sioni aibu kusema mimi ni mmoja wao. Swali langu ni la mfukoni. Ikiwa karibu thamani yote ya filamu iko kwenye picha na sauti, ni wapi pesa ya mkazi wa huku inanunua picha na sauti hiyo kweli, na ni wapi anapoteza?

Nitasema msimamo wangu mapema ili uweze kunipinga unaposoma. Filamu yenye picha kali na hadithi dhaifu ina njia mbili tu za kuitazama zenye faida. Ama uilipie kwenye ukumbi wa sinema wenye skrini kubwa na sauti ya kutikisa kiti, ama uisubiri na uitazame kwa bei ya chini kabisa. Pesa nyingi hupotelea katikati, kwenye simu na bando, kwa sababu hapo unalipa vizuri halafu unapewa hadithi peke yake, na hadithi ndiyo isiyokuwepo.

Tuanze na ukumbi. Kwa mkazi wa Kitengela, safari ya sinema kwa kawaida ni safari ya Nairobi. Iliyo rahisi kwetu ni ile ya Panari, kwa sababu iko kando ya Mombasa Road na unashuka kabla ya kufika katikati ya jiji. Ukitaka IMAX, jengo linalojulikana ni 20th Century pale Mama Ngina Street. Kuna pia kumbi za Sarit na Garden City, lakini hizo kwa mtu wa huku zinaongeza matatu ya pili na muda wa kutosha kupika chakula cha jioni.

Bei hubadilika kwa siku, kwa ukumbi na kwa aina ya onyesho, kwa hiyo nitatumia vipimo, nawe uweke bei za wiki yako. Tuseme tiketi ya kawaida ni 700, ya IMAX ni 1,000, na nauli ya Kitengela hadi mjini ni 150 kwa mtu kila upande. Mtu mmoja anayekwenda IMAX bila kununua chochote ndani anatumia 1,300. Hapo amepata kile alichokifuata: skrini inayojaza macho, na mngurumo unaousikia kifuani.

Familia ya watu wanne hesabu yake ni nyingine. Tiketi nne za kawaida ni 2,800. Nauli ya kwenda na kurudi ni 1,200. Bisi na soda za ndani ya ukumbi, ukijizuia sana, 1,500. Jumla ni 5,500, na katika hizo filamu yenyewe imechukua kama nusu tu. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea wanapotafuta kuokoa: wanatafuta ukumbi wa tiketi rahisi kwa shilingi 100, halafu wanamaliza 1,500 kwenye kaunta ya bisi. Walishe watoto nyumbani kwanza. Kumbi nyingi zina siku ya katikati ya wiki yenye bei nafuu, na wakati wa likizo za shule siku hiyo ndiyo ya kuishika.

Familia hiyohiyo ikitoka Kajiado mjini, nauli tukiweka 300 kila upande, usafiri unafika 2,400 na jumla inakuwa 6,700. Hiyo ni kabla ya kufikiria giza. Filamu za aina hii ni ndefu. Avatar: The Way of Water ya James Cameron, iliyotoka Desemba 2022, ina dakika 192. Ukiingia saa kumi alasiri, unatoka saa moja usiku imepita, ukiongeza matangazo ya mwanzo. Kisha utafute matatu ya Kajiado pamoja na umati wa watu wanaotoka kazini, na foleni ya Mlolongo inakusubiri. Kwa mtu wa Kajiado, Isinya au Il Bissil, onyesho la kufaa ni la asubuhi au adhuhuri, Jumamosi au Jumapili. Lingine lolote linamdai chumba cha kulala Nairobi au rafiki mwenye gari.

Je, gari lako mwenyewe? Kitengela hadi katikati ya jiji, kwenda na kurudi pamoja na kuzungukazunguka, weka kilomita 70. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 7. Petroli nikiipigia 180 kwa lita, ni 1,260, karibu sawa na nauli ya matatu kwa watu wanne. EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14, basi piga hesabu upya. Barabara ya juu, ile ya Mlolongo hadi Westlands, ndiyo inayoharibu hesabu. Tangu Januari 2024 ushuru wa gari dogo kwa safari nzima ni 500, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 1,000, yaani tiketi ya IMAX imebaki kwenye kibanda cha ushuru. Kwa watu wanne gari ni sawa, hasa usiku na watoto wamelala. Kwa watu wawili panda matatu.

Sasa niseme jambo la 3D, kwa sababu hapa wananchi wameliwa pesa kwa muda mrefu. Baada ya Avatar ya kwanza kutoka Desemba 2009 na kuvunja rekodi, kila kampuni ilitaka 3D. Avatar ilipigwa kwa kamera za 3D tangu mwanzo. Clash of the Titans, iliyotoka 2010, ilipigwa kwa kamera za kawaida kisha ikageuzwa kuwa 3D kwa wiki chache tu kabla ya kuonyeshwa. Watazamaji waliolipia miwani waliona nywele zilizojitenga na vichwa, na watu bapa kama waliokatwa kwenye karatasi. Miwani nayo hupunguza mwanga, kwa hiyo filamu yenye mapango na usiku mwingi inakuwa giza zaidi. Ushauri wangu: kama hujasoma kwamba filamu ilipigwa kwa 3D au ilipangwa hivyo tangu mwanzo, chukua tiketi ya kawaida. Utaona rangi zote, na tofauti ya bei itakulipia nauli ya upande mmoja.

Angalia pia alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, kabla ya kuwavisha watoto viatu. Alama ya GE ni ya watu wote, PG ni ya watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, 16 na 18 zinajieleza. Filamu ya majoka yenye tangazo la kuchekesha inaweza kuwa na alama ya 16, na mtoto wa miaka 10 akazuiwa mlangoni. Nauli uliyokwisha kulipa hairudi.

Tuje nyumbani. Kama nyumba yako imeshafikiwa na faiba na unailipia kila mwezi kwa ajili ya kazi na masomo, filamu moja inaongeza gharama kidogo sana. Kifurushi cha chini cha faiba ya Safaricom, baada ya mabadiliko ya Septemba 2024, kilikuwa 2,999 kwa kasi ya Mbps 15. Netflix kwa Kenya ina ngazi nne: 200 ya simu pekee, 300 ya msingi, 700 ya wastani na 1,100 ya juu. Wengi huangalia bei tu. Wewe angalia ubora wa picha. Ile ya 200 inatoa picha ya 480p, ya 300 inatoa 720p, ya 700 inatoa 1080p, na 4K iko kwenye 1,100 peke yake. Kwa tamthilia ya watu wanaozungumza sebuleni, 300 inatosha kabisa. Kwa filamu ambayo sifa yake ni magamba ya joka na vumbi la vita, 720p kwenye runinga kubwa inaonekana kama imefunikwa na ukungu. Ukiwa na runinga ya inchi 50 au zaidi, panda hadi 700 kwa mwezi mmoja, tazama zote ulizokuwa ukizisubiri, kisha shuka tena. Hakuna mkataba unaokufunga.

Runinga yenyewe ina hesabu yake. Filamu nyingi za namna hii zimepigwa kwa umbo pana sana, pana kuliko runinga. Kwenye runinga ya inchi 32, ambayo ndiyo iko katika nyumba nyingi za kupanga za Kitengela, skrini ina kimo cha sentimita 40 hivi. Filamu pana inachukua 30 tu, na kwa juu na chini unabakiwa na ukanda mweusi wa sentimita 5 kila upande. Robo ya runinga uliyoinunua haitumiki. Kwenye simu ya inchi 6.5, picha nzima ya jeshi la watu elfu kumi ina kimo cha sentimita 6. Mlima Kilimanjaro wa mita 5,895 unakuwa mdogo kuliko ukucha.

Na simu ndiyo njia iliyozoeleka kuliko zote, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Kwa vipimo vya Netflix wenyewe, picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili kwa HD ni GB 6. Ukipunguza ubora hadi wa chini kabisa inashuka hadi GB 0.3 kwa saa, lakini hapo umepunguza kitu pekee ulichokifuata. Halafu kuna vifurushi vya muda mfupi, vya saa moja au saa tatu, ambavyo wengi wetu tunavinunua kwa sababu ni rahisi. Filamu ya dakika 192 inazidi saa tatu. Kifurushi cha saa tatu kitaisha vita vya mwisho vikiwa vimepamba moto, na utajikuta unanunua kingine saa nne usiku ili kuona dakika 12 za mwisho. Ukitaka kutumia simu, pakua filamu kwanza mahali penye Wi-Fi, kisha itazame bila bando. Hiyo haiongezi ukubwa wa skrini, lakini inazuia hasara ya pili.

Tufike kwenye duka la muvi, maana ndipo mwananchi wa kawaida anapokwenda. Karibu na kila steji kuna chumba chenye kompyuta moja, rafu ya sahani za DVD ambazo siku hizi ni pambo, na kijana anayeingiza filamu kwenye flashi kwa shilingi 20 hadi 50. Mazungumzo ni yaleyale kila mahali. "Mama, hii imetoka juzi." "Ni safi au ni ya kamera?" "Bado ni ya kamera, safi naona mwezi ujao." Kijana mwaminifu atakuambia hivyo. Kopi ya kamera ni ile iliyorekodiwa ndani ya ukumbi kwa siri: rangi zimekufa, sauti iko mbali, na mara mtu anasimama kwenda msalani na kichwa chake kinakatisha skrini. Kwa filamu ya hadithi nzito unaweza kuvumilia. Kwa filamu ya picha, umelipa 50 kununua kitu kisicho na kitu. Isitoshe, kuuza kopi bila ruhusa ya mwenye haki ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na katika pesa ile hakuna senti inayomfikia aliyetengeneza filamu, awe wa Hollywood au wa Riverwood yetu. Mimi nimeacha njia hii. Nasubiri mwezi huo mmoja au mitatu, filamu inafika kwenye huduma halali ikiwa safi.

Lakini kuna hazina moja iliyokulia kwenye maduka hayo na vibanda vya video ambayo siwezi kuipita: filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Msimulizi DJ Afro amezifanya filamu za Kihindi na za kung fu ziwe mali ya mtaa. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina VJ Jingo, ingawa yeye husimulia kwa Kiganda. Msimulizi mzuri hatafsiri tu. Anawapa wahusika majina, anaeleza kwa nini wamekasirika, anajaza mashimo ambayo mwandishi wa filamu aliyaacha wazi. Nimekaa kwenye benchi la mbao katika kibanda chenye mabati na pazia zito mlangoni, kiingilio shilingi 20, na nikaona watu wanaifuata kwa makini filamu ambayo kwa Kiingereza ingewachosha. Mfalme aliyekuwa amekaa kwenye kiti bila sababu alipewa deni la ng'ombe na shemeji mkaidi, na ghafla kila mtu pale ndani alijua yuko upande wa nani. Runinga ilikuwa ndogo na spika zinakwaruza. Picha hazikuwa na fahari yoyote. Kilichobaki kilikuwa hadithi, na ilikuwa bora kuliko ile ya awali.

Ndiyo maana nasema bei ya chini kabisa nayo ni chaguo la heshima, almuradi msimulizi na mwenye haki walipwe. Natamani huduma za mtandaoni zinazotutoza kila mwezi ziwanunue wasimulizi hawa kwa mkataba, na ziweke sauti zao kama chaguo kando ya Kiingereza na Kifaransa. Ningelipa 100 zaidi kwa mwezi bila kusita, na nadhani wengi wa Kitengela wangelipa.

Kabla sijamaliza, kuna jambo linalowahusu watu wa kaunti hii peke yao. Mandhari ambayo watengenezaji wa Tomb Raider waliyafuata kutoka ng'ambo yako mwisho wa barabara inayopita mbele ya nyumba zetu. Kutoka Kitengela unashuka Isinya, Kajiado, Il Bissil hadi Namanga, kisha unakata kushoto kuelekea lango la Meshanani. Hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 392, na asubuhi na mapema, kabla ya mawingu kuufunika mlima, unaona kwa macho yako kile ambacho IMAX inakionyesha kwa mwanga wa projekta. Haitakuwa rahisi kuliko sinema kwa mtu mmoja, kwa sababu gari, mafuta na kiingilio vinapanda haraka. Kikundi cha kanisa, chama au wazazi wa shule wakikodi gari moja na kugawana, gharama ya mtu inakaribia ile ya siku nzima ya familia mjini. Linganisheni hesabu hizo mbili kwenye kikao kabla ya likizo.

Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela na watu zaidi ya 150,000, na tangu hapo majumba yameongezeka kila upande wa barabara. Mwekezaji atakayetupa skrini kubwa ya kweli hapahapa, yenye onyesho la adhuhuri na tiketi ya familia, atakuwa ametuondolea nauli, ushuru na foleni ya Mlolongo kwa mkupuo mmoja, na mtu wa Kajiado mjini ataweza kurudi kwake kabla ya giza.

Hadi hapo, mwenye 1,300 mkononi na filamu iliyopigwa kwa ajili ya skrini kubwa, kama Avatar, aende akaione ukumbini, mara moja, bila bisi. Mwenye faiba na runinga kubwa asubiri, alipie Netflix ya 700 kwa mwezi mmoja. Mwenye runinga ya inchi 32 akae na ile ya 300 na achague filamu zenye hadithi. Na mwenye simu na bando pekee, filamu ya picha nzuri na hadithi dhaifu aiache ipite.